Haki Isiyosomeka: Kiswahili na Sheria za Watu Wenye Ulemavu Nchini Kenya

Wahenga walisema: Hujafa hujaumbika. Wakaongeza kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Methali hizi hufundishwa shuleni kama kielelezo cha utu wa Mswahili, na hapana shaka zimewanusuru wengi kutokana na kejeli. Hata hivyo, zikichunguzwa kwa makini, itabainika kwamba msingi wake ni hofu. Hazimwambii msikilizaji kwamba jirani yake mwenye ulemavu ana stahiki zake kama raia. Zinamwonya tu kwamba yaliyompata jirani huenda yakampata na yeye. Hofu huzaa huruma, nayo huruma hutoa sadaka inapopenda na kuacha inapochoka. Haki haina hiari ya namna hiyo.

Sheria za Kenya zimekwisha kuvuka kutoka kwenye sadaka hadi kwenye haki. Mwaka wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyozaa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka wa 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 27 kinaharamisha ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Kifungu cha 54 nacho kinataja haki ya kuheshimiwa, kusoma katika taasisi zisizomtenga mwanafunzi na jamii, kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma, kupata habari, na kupata vifaa vya kupunguza vikwazo vitokanavyo na ulemavu. Kifungu hicho aidha kinaagiza kwamba asilimia 5 ya wanachama wa mashirika ya umma, ya kuchaguliwa na ya kuteuliwa, wawe watu wenye ulemavu, ingawa utekelezaji wake ni wa hatua kwa hatua. Mwaka wa 2025 sheria ya 2003 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira kwa ajili yao.

Sambamba na sheria hizo, zipo huduma. Aliyepimwa katika hospitali ya umma na kusajiliwa na Baraza anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Baraza hutoa vifaa kama vile viti vya magurudumu, na mafuta ya kukinga ngozi kwa watu wenye ualbino. Kaya maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa zimetengewa shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii.

Swali linalowahusu wasomi wa Kiswahili ni hili: ni nani anayezijua haki hizi? Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba takriban watu 900,000, yaani asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, walikuwa na ulemavu. Wengi wao huishi mashambani. Mzazi wa mtoto asiyeweza kutembea huko kijijini hawezi kudai kiti cha magurudumu ambacho hajui kwamba kipo. Sheria zinazompa haki hiyo hutungwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba yenyewe imetafsiriwa kwa Kiswahili, lakini katiba hutoa kanuni kuu tu. Utaratibu wa kusajiliwa, kupimwa, kuomba na kukata rufaa umo katika sheria na fomu. Haki isiyosomeka na mwenye haki haina tofauti kubwa na haki isiyokuwapo.

Kuna jambo jingine linalowagusa wanaisimu moja kwa moja. Haki ya kwanza kabisa kutajwa katika Kifungu cha 54 ni ya lugha: mtu mwenye ulemavu anastahili kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa muda mrefu lawama imeelekezwa kwa ngeli ya KI-VI, ambako ndiko waliko kipofu, kiziwi na kiwete. Inadaiwa kwamba kiambishi hicho huwafanya watu kuwa vitu. Hoja hii ina nguvu lakini haijakamilika. Ngeli hiyo hiyo ina maumbo ya kiongozi, kijana na kinyozi, na hakuna anayelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwarejesha wote katika A-WA: husemwa kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Tatizo halisi liko katika maana. Neno kilema humtaja mtu na dosari yake kwa pamoja, kana kwamba mtu huyo hana jingine. Neno bubu, anapoitwa hivyo kiziwi anayezungumza kwa ishara, ni uongo mtupu, kwa kuwa humnyima lugha aliyo nayo.

Ndipo yanapokuja maneno kama mtu mwenye ulemavu, asiyeona na mwenye ualbino, ambayo humtanguliza mtu. Ni vyema yakaenea. Lakini hata hapa busara inahitajika. Nchini Tanzania, viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na hawaoni aibu katika jina hilo. Funzo lake ni kwamba istilahi haiteuliwi na kamati ya wasiohusika. Msomi anayetaka kuunda neno staha aanze kwa kuwauliza wenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili kina ndugu ambaye aghalabu husahauliwa. Kifungu cha 120 kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, watahiniwa viziwi huruhusiwa kufanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili. Lugha mbili zinazoketi pamoja bungeni na kubadilishana nafasi katika chumba cha mtihani zinastahili kufahamiana chuoni. Mwalimu wa Kiswahili atakayepangiwa shule yenye wanafunzi viziwi hatakuwa na udhuru wa kutojua hata kuwaamkua.

Vivyo hivyo kwa fasihi. Mwanafunzi asiyeona akiisubiri riwaya teule kwa maandishi ya breli hadi muhula unakwisha, haki yake ya elimu imebaki karatasini. Kenya iliridhia mwaka wa 2017 Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli au sauti kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bila mashirika yanayoidhinishwa kufanya kazi hiyo kulazimika kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Mlango umefunguliwa kisheria. Sauti za kusomea hazikosekani katika madarasa ya fasihi.

Wapo watakaopinga kwamba maneno hayajengi njia za viti vya magurudumu wala hayanunui vifaa. Ni kweli. Mwenye kumwita jirani yake kwa jina la heshima na kumwacha chini ya ngazi hajamtendea haki. Lakini ngazi hizo huendelea kujengwa kwa sababu wanaozuiwa nazo hawajui kwamba sheria iko upande wao, na wanaojua hawajawaeleza kwa lugha wanayoielewa.

Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi ambayo haihitaji kungoja bajeti ya serikali. Sheria ya mwaka wa 2025 ifasiriwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na maelezo ya hatua za kusajiliwa, na nakala zake zifikishwe kwa machifu, zahanati na shule. Istilahi zijadiliwe na watu wenye ulemavu wakiwa mezani. Vitabu teule virekodiwe kwa ushirikiano na taasisi zinazowahudumia wasioona. Idara zianzishe angalau kozi moja ya Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiswahili kimesifiwa mno kwa kuwaunganisha Wakenya wa makabila mbalimbali. Sifa hiyo haitatimia iwapo kitaendelea kuwaacha nje Wakenya ambao Katiba imekwisha kuwafungulia mlango.