Tango ya Piazzolla: Je, Ni Usaliti?



Juma hili nimesikiliza tena "Adiós Nonino", muziki alioutunga Astor Piazzolla wa Ajentina mwaka 1959, baada ya kufiwa na baba yake, Vicente, ambaye nyumbani walimwita Nonino. Sehemu yake ya kasi aliitoa katika tango (si lile la kachumbari!) aliyomtungia baba huyo mwaka 1954, angali hai. Kisha akaiongezea maombolezo marefu ya polepole. Hivyo katika muziki mmoja tunamsikia mwana mwenye baba, na mwana aliyefiwa.

Nauliza: mtu wa namna hiyo aitwe msaliti wa tango? Ndivyo alivyoitwa. Mwaka 1955 aliunda kundi la wapigaji 8 mjini Buenos Aires, akaingiza gitaa la umeme lililopigwa kwa mtindo wa jazi. Wapenzi wa tango ya kale walighadhibika. Walizoea kucheza, na muziki huu uliwataka wakae na kusikiliza.

Hofu yao naielewa. Michanganyiko mingi ya muziki ni kama mchuzi wa mpishi mvivu: kila kiungo kimo, ladha haimo. Lakini Piazzolla hakuwa mgeni katika tango. Tangu mwaka 1939 alipiga bandoneoni, kile kinanda cha mkono cha kuvuta na kusukuma, katika okestra mashuhuri ya Aníbal Troilo. Mwaka 1954 alikwenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger, akiona haya kumweleza kwamba alikuwa mpiga tango. Kadiri alivyosimulia mwenyewe, mwalimu yule alipoisikia tango yake alimwambia kuwa huyo ndiye Piazzolla wa kweli, asimwache kamwe.

Asiyeniamini asikilize "Fuga y misterio" ya mwaka 1968. Sauti moja huanza peke yake. Nyingine huingia mojamoja, kila moja ikirudia wimbo uleule huku iliyotangulia ikiendelea na yake. Hiyo ni sanaa ya Bach. Lakini mkazo wa mapigo, manane yaliyogawanywa tatu, tatu na mbili, ni wa milonga, muziki wa kale wa Ajentina. Ukiuondoa, hakuna kinachosalia.

Wanaosema haichezeki, sibishani nao. Mimi huisikiliza nimeketi, na mguu haukubali kutulia.