MLIMA ELGON NI LINDO LETU SOTE

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi mlioko Busia na Tororo mnaifahamu vizuri sukuma wiki. Mnaila mezani, na kila siku mnaiona sokoni pamoja na kabichi. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua kwamba mboga hizo zina ndugu yao mdogo juu ya Mlima Elgon, ule ambao wenyeji huuita Masaba, na ambao huonekana kutoka Tororo anga likiwa safi.

Mmea huo wataalamu huuita Arabis alpina. Ni wa ukoo wa haradali, na maua yake meupe yana petali nne zilizokaa kama msalaba. Huota mahali palipo juu sana, penye jua kali mchana na baridi ya kugandisha maji usiku. Uko pia Kilimanjaro, Mlima Kenya na katika milima ya Ulaya. Uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asili yake ni pande za Uturuki. Ulifika kwetu kabla ya mpaka wowote kuchorwa.

Mmea huu una somo la kiaskari. Wataalamu wa Ujerumani walieleza mwaka 2009 kwamba hauchanui matawi yake yote kwa mara moja. Mengine hutoa maua na kufa, mengine hubaki kuwa akiba ya mwaka unaofuata. Ndiyo sababu hudumu miaka kadhaa. Hata hivyo, akiba hiyo haifui dafu mbele ya moto.

Moto wa mlimani mara nyingi huwashwa na binadamu: mwindaji, mrina asali, au mchungaji atakaye majani mapya. Mimea midogo ikiungua, udongo hubaki wazi na mvua huuteremsha mtoni. Mto Malaba, utokao mlimani humo na kupita mpakani, huzileta pande zote mbili tope lile lile, bila kuuliza nani raia wa Kenya na nani wa Uganda.

Hifadhi za taifa ziko pande zote mbili, nazo zina walinzi wake. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo tunasema: askari apelekwaye doria mlimani asiondoke kambini kabla ya kuzima moto wake, na aonapo moshi atoe taarifa mara moja, hata kama uko ng'ambo ya mpaka. Aliyekabidhiwa silaha kuilinda nchi amekabidhiwa pia maji yake, na ulinzi wa maji huanzia juu.