Chokaa Kwanza, Mbolea Baadaye

Mkulima wa Bondo akinunua gunia la mbolea ya DAP, hata kwa bei ya ruzuku, sehemu kubwa ya fosforasi aliyoilipia huenda isiufikie mhindi. Hunaswa udongoni. Mkulima hana kosa, wala mbegu haina lawama. Shamba limejaa tindikali, na tindikali hiyo imeanza kuula mfinyanzi.

Tumezoea kuambiwa kwamba udongo umechoka, kana kwamba ukipumzishwa utapona. Sivyo. Chembe ya mfinyanzi ni matabaka membamba ya silika na alumini, na ndiyo inayoshikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zisisombwe na mvua. Tindikali ikizidi, hidrojeni huvifukuza virutubisho hivyo na kukaa mahali pake, kisha huyageukia matabaka yenyewe. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka. Mizizi ya mahindi hudumaa, fosforasi hugandana na alumini na chuma, na alumini hiyo, ikikutana na maji, huzaa tindikali zaidi.

Anayetaka kuona tofauti aende uwanda wa Kano. Udongo mweusi wa kule, unaopasuka kiangazi na kunata masika, una mfinyanzi wa smektaiti, hodari wa kuhifadhi chakula cha mimea. Katika miinuko ya Siaya, mvua imeichuja ardhi kwa maelfu ya miaka hadi ikabaki zaidi kaolinaiti na oksidi za chuma. Kaolinaiti huvumilia tindikali, lakini uwezo wake wa kushika virutubisho ni mdogo mno. Huo ni uzee wa ardhi. Sisi tunauharakisha: amonia ya DAP na urea hutoa tindikali bakteria wanapoigeuza kuwa nitreti, na mabua tunayolisha ng'ombe huondoka na kalsiamu ya shamba.

Chokaa hupandisha pH, huifunga alumini na kuiachilia fosforasi. Mfinyanzi uliokwisha kuyeyuka hairudishi, na kwa hiyo kuchelewa kuna gharama ambayo hakuna msimu mzuri utakaoilipa.

Chokaa ipo Koru, upande wa pili wa Kisumu. Wataalamu wapo: Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko hapa hapa Bondo, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, lina kituo Kibos. Tunaitaka serikali ya Kaunti ya Siaya ipime udongo wadi kwa wadi na kuwaeleza wakulima majibu kwa Dholuo na Kiswahili. Upimaji utangulie, kwa sababu chokaa ikizidi huinyima mimea zinki. Penye pH chini ya 5.5, ruzuku ianze na chokaa, nauli yake ikiwemo. Shamba lililoharibika sana huweza kuhitaji karibu tani nzima kwa ekari, na mzigo huo haubebwi na bodaboda. Malori yaingie vijijini Januari, ili chokaa ichanganyike na udongo kabla ya mvua za Machi.