Ruzizi ina kingo mbili: upande wetu nao utengewe ndege

Mkaaji wa Uvira anayetaka kutazama ndege, viboko na mamba wa Ruzizi kwa utulivu, akiwa na mtu wa kumuongoza, inabidi avuke mpaka wa Kavimvira, apite Gatumba na alipe kiingilio upande wa Burundi. Mto ni uleule. Ndege ni walewale, asubuhi wako kwao, jioni wako kwetu. Tofauti ni kwamba wenzetu walitenga sehemu yao tangu mwaka 1980, wakaifanya hifadhi, na mwaka 2002 ikaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Sisi tuliacha ukingo wetu uwe mali ya anayefika kwanza na jembe, wavu au tofali.

Naona wakati umefika wa kutenga kipande cha ukingo wetu, hata kikiwa kidogo, na kukifungua kwanza kwa wakaaji wa hapa, kabla ya kuota watalii kutoka Ulaya.

Tuanze na kile tulicho nacho. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, inateremka karibu mita 700 kupitia Kamanyola na bonde letu, hadi kuingia Ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Pale inapoingia ziwani inapunguza mwendo, inamwaga udongo wake, inaotesha matete na mafunjo. Mahali pa namna hiyo ndipo ndege wanapopapenda: maji si marefu, samaki wadogo ni wengi, na maficho yapo. Utamuona mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Utamuona mnandi akikausha mabawa juu ya mti mkavu, yangeyange weupe, na mdiria mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujitupa kama jiwe. Kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa tatu wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu na membe, wanaokimbia baridi ya kwao. Wanasafiri maelfu ya kilometa kuja kwenye bonde ambalo mtoto wa Sange au Kiliba hajawahi kuonyeshwa kama ni utajiri.

Mtoto huyo kiboko anamjua, lakini kwa hofu tu. Anajua kwamba usiku kinatoka majini kula shamba, na kwamba kinaua. Hofu hiyo si ya bure. Wavuvi na wakulima wa kando ya mto wamezika watu wao. Lakini tukimfundisha hofu peke yake, akikua atafanya moja kati ya mawili: atamuua mnyama, au ataondoka. Wenzake wa ng'ambo wana nafasi ya kujifunza jambo la tatu, yaani kukaa mbali kwa adabu na kutazama.

Najua swali litakalofuata. Watu wamekimbia vijiji vyao, barabara ya Bukavu hadi Uvira imejaa vizuizi na kodi, na wewe unatuletea habari za ndege? Swali ni la haki. Hakuna mtu wa kupeleka wanafunzi mtoni siku risasi zinalia, wala siombi hivyo. Ila ardhi haingoji amani. Vita vikiendelea, matete yanachomwa, viwanja vinauzwa, mchanga unachimbwa. Siku amani itakapofika tutakuta ukingo umekwisha gawanywa, na aliye na karatasi ya kiwanja hataiachia kwa ajili ya mwari. Kutenga sehemu sasa ni kazi ya kalamu, mazungumzo na mipaka inayoeleweka. Matembezi yatakuja baadaye.

Tena faida ya matete haimngoji mtalii. Ndani yake samaki wanazaa, na mvuvi wa Tanganyika anavuna kilichokulia huko. Mizizi yake inashika udongo na kupunguza nguvu za maji. Uvira haihitaji kufundishwa maana ya maji: Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba za wakaaji, Kalundu ikiwemo. Ukingo wenye matete hauzuii kila balaa, lakini mahali pasipojengwa hapana nyumba ya kubomoka.

Swali la pili ni zito zaidi: hifadhi imewahi kumpa nini mkulima wa Kivu Kusini? Hapa tuseme ukweli. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Wabatwa waliokuwa wakiishi humo wakatolewa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliosema haki zao zilivunjwa. Karibu miaka 50 ya machungu! Mtu akisikia neno hifadhi, anasikia kufukuzwa. Hatuwezi kumlaumu.

Lakini jimbo letu lina somo la pili. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 kwa karatasi ya wizara, bila wenyeji kuulizwa. Watu walikataa. Baada ya hapo yakafuata mazungumzo ya miaka, kijiji kwa kijiji, kuonyesha wapi pa kulima, wapi pa kuwinda na wapi pa kuacha, hadi mwaka 2016 mipaka ikatiwa sahihi na gavana wa jimbo. Kazi haikukamilika, na shida bado zipo. Hata hivyo inaonyesha njia: kwanza mazungumzo, kisha mpaka. Kwa Ruzizi tusianze kwa kosa la 2006 tukitafuta dawa yake miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mamilioni ya dola.

Kwanza, serikali ya jimbo, viongozi wa kimila, wavuvi, wafugaji na wakulima wakae pamoja wachague sehemu ambayo tayari hailimiki vizuri kwa sababu inafurika. Mfugaji aoneshwe wapi ng'ombe watanywa maji, mvuvi aoneshwe wapi mtumbwi utapita. Bila hayo mawili, mpaka utavunjwa wiki ya kwanza.

Pili, walinzi na waongozaji watoke katika vijiji vya jirani. Mvuvi aliyezeeka mtoni anajua kiboko kinalala wapi na mamba anaotea jua wapi. Ujuzi huo ni kazi, na kazi ilipwe.

Tatu, kiingilio kiwe cha franka ambazo mwalimu anaweza kutoa, na wanafunzi waingie bure. Pesa itakayopatikana itangazwe hadharani, na sehemu yake ilipe mashamba yaliyoharibiwa na viboko. Mtu aliyepoteza mihogo yake usiku hawezi kumpenda mnyama kwa hotuba.

Nne, Bukavu ikumbukwe. Chupa za plastiki na masashe vinavyotupwa ziwani na kwenye mifereji ndivyo vinavyoziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, na vinavyoponyoka pale vinafuata mkondo. Hatuwezi kuomba wakaaji wa Kiliba walinde matete huku wa Bukavu wakiwatumia takataka.

Na atakayetembelea mto, kwa ng'ambo leo au kwetu kesho, ajue adabu zake. Afike alfajiri, ndege wanapotafuta chakula na jua halijawa kali. Avae nguo zisizong'aa, aache muziki nyumbani. Darubini ikikosekana, macho na uvumilivu vinatosha kwa kuanza. Asisimame kamwe kati ya kiboko na maji, asioshe miguu mahali penye mamba, na asikaribie viota. Aandike alichoona: ndege gani, wangapi, tarehe gani. Daftari kama hizo zikikusanywa na shule kwa miaka kumi, jimbo litakuwa na hesabu yake lenyewe, badala ya kungoja mgeni aje kutuhesabia.

Wabunge wa jimbo wanapenda kuahidi barabara na madaraja, na ni vizuri. Kwenye kikao kijacho cha bajeti, mmoja wao aulize swali hili jepesi: ni kilometa ngapi za ukingo wa Ruzizi, kutoka Kamanyola hadi ziwani, ambazo bado hazijapewa mtu? Jibu likitolewa, tutajua kama bado tuna cha kutenga.