Kanisa Lililojengwa kwa Miaka 632

Mji wa Köln, ambao Waingereza huuita Cologne, uko kando ya mto Rhine katika nchi ya Ujerumani. Mgeni afikaye huko kwa gari la moshi hana haja ya kuuliza njia ya kwenda kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Akitoka tu mlangoni mwa stesheni huliona limesimama mbele yake, limekuwa jeusi kwa moshi wa miaka mingi, na minara yake miwili imechongoka kuelekea mawinguni. Urefu wake ni mita 157, yaani zaidi ya futi 515. Hata minazi mirefu mitano ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine, kilele cha kanisa kingali juu yake.

Lakini ajabu ya kanisa hili si urefu wake. Ajabu ni kwamba jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, na kazi ikamalizika mwaka 1880. Katikati ya miaka hiyo 632 ujenzi ulisimama kabisa kwa muda wa zaidi ya miaka 280. Hata hivyo, minara iliyomalizwa na watu wa juzi ni ile ile iliyokusudiwa na mafundi wa kale. Jinsi jambo hilo lilivyowezekana ni habari inayomfaa kila mtu aliyewahi kuanza kazi kubwa kuliko umri wake.

Asili ya jengo lenyewe ni safari ya mifupa. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta Köln kutoka Milan, katika Italia, mabaki yaliyoaminiwa kuwa ya wale Mamajusi waliofuata nyota mpaka Bethlehemu, ambao Wakatoliki huwaita Wafalme Watatu. Mafundi wa dhahabu, akiwamo Nicholas wa Verdun, walitengeneza sanduku kubwa la kuyahifadhi, na sanduku hilo lingali nyuma ya madhabahu kuu hata leo. Basi mahujaji walianza kumiminika kutoka nchi nyingi za Ulaya, wafalme kwa maskini, na kanisa la zamani, lililowekwa wakfu mwaka 870, likaonekana dogo kwa heshima hiyo. Mwezi wa Aprili, mwaka 1248, watu walianza kulibomoa kwa moto sehemu ya mashariki, wakitaka kujenga upya polepole. Moto ukawashinda, ukalila karibu kanisa zima. Tarehe 15 Agosti ya mwaka huo huo, Askofu Mkuu Konrad von Hochstaden aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya.

Fundi mkuu wa kwanza aliitwa Gerhard. Yeye alifuata namna ya kujenga iliyokuwa imeanza Ufaransa, hasa ile ya kanisa kuu la Amiens, lililoanzwa mwaka 1220. Inafaa kueleza namna hiyo kidogo, kwa maana ndiyo iliyowawezesha watu wasiokuwa na saruji wala mitambo ya moto kuinua dari ya mawe futi 140 kutoka sakafuni.

Hapo kale kuta za kanisa zilibeba uzito wote wa dari. Kwa hiyo zilikuwa nene sana, madirisha yalikuwa madogo, na ndani mlikuwa na giza. Mafundi wa Ufaransa walitumia tao lililochongoka badala ya tao la mviringo. Tao la mviringo husukuma uzito kwenda pembeni kwa nguvu. Tao lililochongoka huushusha zaidi kuelekea chini. Uzito huo hukusanywa na mbavu za mawe zilizo darini, ukapelekwa kwenye nguzo chache badala ya kuenea katika ukuta mzima. Msukumo unaobaki wa kwenda pembeni huzuiwa na mikono ya mawe iliyojengwa nje, ikiliegemeza jengo kama vile mkulima aegemezavyo magogo kwenye ghala lililojaa mahindi ili kuta zake zisifumuke. Ukuta ukiisha kupunguziwa mzigo, hauna kazi nyingi tena, na mahali pake huweza kuwekwa vioo. Ndiyo maana ndani ya kanisa la Köln mna madirisha marefu mno ya vioo vya rangi, na nuru huingia kutoka kila upande.

Mawe yalichimbwa katika mlima wa Drachenfels, ulio upande wa juu wa mto, yakateremshwa kwa mashua mpaka karibu na mahali pa kazi. Mwaka 1322, yaani miaka 74 baada ya kuanza, sehemu ya madhabahu iliwekwa wakfu. Waliochimba msingi walikuwa wamekwisha kufa wote. Ukuta wa muda ulijengwa kuifunga sehemu hiyo upande wa magharibi, ili watu wapate kusali huku kazi ikiendelea upande wa pili. Ukuta huo wa muda ulidumu zaidi ya miaka 500.

Kazi iliendelea kwa mwendo wa kinyonga. Mnara wa kusini ulifika kama mita 56, na juu yake mafundi wakaweka winchi kubwa ya mbao iliyozungushwa na watu waliotembea ndani ya gurudumu lake. Kisha fedha zikaanza kupungua. Mageuzi ya dini yaliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517 yaliigawanya Ujerumani. Mahujaji wakawa wachache, na sadaka zao zikapungua pamoja nao. Tena, mtindo wenyewe wa matao yaliyochongoka ulianza kuhesabiwa kuwa wa kizamani. Mwaka 1560 ujenzi ulisimamishwa. Mafundi waliondoka, lakini winchi haikuondolewa. Ilibaki juu ya mnara ule mfupi kwa zaidi ya miaka 300, ikapigwa na mvua na theluji, hata wachoraji wote walioichora Köln waliichora pamoja na winchi yake. Watoto walizaliwa wakaiona, wakazeeka wakaiacha, na wajukuu zao wakaiona vile vile.

Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji. Ibada zilikatazwa, na kanisa likatumiwa kuwa ghala. Hapo wengi wangaliweza kusema kwamba habari imekwisha. Lakini walikuwako watu wachache walioona vingine, na mmoja wao alikuwa Sulpiz Boisserée, mtoto wa mfanyabiashara wa Köln. Tangu mwaka 1808 alikuwa akilipima jengo lile na kuwaajiri wachoraji ili aonyeshe jinsi ambavyo lingekuwa kama lingalimalizika. Tatizo lake lilikuwa moja. Nani angeweza kujua kwa hakika jinsi mafundi wa kale walivyokusudia minara ile, hali yeyote aliyeiwazia alikuwa amekufa karne nyingi zilizopita?

Jibu lilikuwako, nalo lilikuwa limelala darini mwa nyumba ya wageni. Karibu na mwaka 1280 mafundi wa Köln walikuwa wamechora ramani ya uso wa magharibi wa kanisa, pamoja na minara yote miwili, juu ya ngozi ya kuandikia. Ramani hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 4, na kila tao na kila nakshi imechorwa kwa mstari mwembamba wa wino. Katika ghasia za vita vya Wafaransa ilitoweka. Mwaka 1814 nusu yake ilionekana katika mji wa Darmstadt, ikafika mikononi mwa mjenzi Georg Moller, ambaye aliitambua mara moja. Mwaka 1816 Boisserée aliipata nusu ya pili huko Paris. Nusu mbili zikaunganishwa, na kwa mara ya kwanza tangu karne nyingi watu wakaweza kuona kazi iliyobaki ni ipi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilipotea likapatikana, na mali ikaokoka.

Tarehe 4 Septemba 1842 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia aliweka jiwe la msingi la pili, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mprotestanti. Serikali yake ilitoa sehemu ya fedha, na sehemu nyingine ikatoka kwa wananchi. Chama cha kuchangia ujenzi kiliundwa mwaka huo, na matawi yake yakaenea katika miji mingi. Wanachama hawakuwa Wakatoliki peke yao. Waprotestanti walichanga, na Wayahudi walichanga. Katika miaka ya 1860 ilianzishwa bahati nasibu, na tikiti zake zikaleta fedha nyingi. Si wote walioamini. Mshairi Heinrich Heine, ambaye alikuwa kiongozi katika tawi la Paris, aligeuka mwaka 1844 akaandika shairi la kudhihaki kwamba kanisa hilo halitamalizika kamwe. Alifariki mwaka 1856, kabla hajaona jinsi utabiri wake ulivyoanguka.

Msimamizi wa ujenzi, Ernst Friedrich Zwirner, aliwafundisha upya vijana ufundi wa kuchonga mawe uliokuwa karibu kusahauliwa. Hakuona haya kutumia vitu vya zama zake pia. Mawe yaliletwa kwa gari la moshi, na paa lilitengenezwa kwa chuma badala ya boriti za mbao, ingawa sura ya nje ilifuata desturi ya kale. Zwirner alifariki mwaka 1861, na Richard Voigtel akaishika kazi. Mwaka 1863 ule ukuta wa muda ulibomolewa, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusimama mlango wa magharibi akaona mpaka madhabahuni. Mwaka 1868 winchi ya kale ilishushwa ili mnara uliokuwa ukiingoja uendelee kupanda.

Sherehe ya kumaliza ilifanyika tarehe 15 Oktoba 1880, mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Kwa miaka minne iliyofuata hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani, mpaka mnara wa ukumbusho wa Washington, katika Marekani, ulipolipita mwaka 1884. Hata hivyo furaha ya siku ile haikukamilika. Serikali na Kanisa Katoliki walikuwa katika ugomvi mkubwa, na Askofu Mkuu Paul Melchers alikuwa uhamishoni. Kanisa lilingojea miaka 632, na siku ya kufunguliwa mwenye kiti chake hakuwako.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja katika Vita Kuu ya Pili. Mabomu makubwa 14 yalilipiga kanisa, na dari iliporomoka mahali pengi, hali sehemu kubwa ya mji ilikuwa kifusi. Lakini jengo lilisimama. Nguvu ya bomu ilipata njia ya kutokea kupitia madirisha mapana, na paa la chuma halikuweza kuwaka kama mbao. Mwaka 1943 bomu lilimega kipande kikubwa chini ya mnara wa kaskazini, ikahofiwa kwamba mnara wote ungeanguka. Mafundi walikiziba kwa haraka kwa matofali ya kawaida. Kiraka hicho chekundu kilionekana kwa miaka mingi, watu wakakizoea na kukiona kuwa ukumbusho wa vita. Mwaka 2005 ndipo kilipomalizwa kufunikwa kwa mawe. Ibada zilirudi katika kanisa zima mwaka 1956.

Mwaka 1996 kanisa liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 liliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu majumba marefu yaliyokusudiwa kujengwa ng'ambo ya mto yangeliziba lisionekane. Mji ulipunguza urefu wa majumba hayo, na mwaka 2006 kanisa likatolewa katika orodha ile. Mwaka 2007 dirisha kubwa la upande wa kusini, ambalo kioo chake cha awali kiliharibiwa vitani, lilipata kioo kipya cha msanii Gerhard Richter, chenye vipande vya mraba zaidi ya 11,000 vya rangi 72.

Wenyeji wa Köln husema kwamba siku kanisa lao litakapomalizika, ndiyo siku ya mwisho wa dunia. Ni mzaha, lakini ndani yake mna ukweli wa kazi. Mawe huliwa na mvua na moshi, na baadhi ya yale ya karne ya 19 yalioza upesi kuliko yale ya kale. Kwa hiyo karakana ya kanisa haikufungwa mwaka 1880. Waashi, maseremala, wahunzi na mafundi wa vioo wangali kazini, na ni nadra kuliona jengo hilo bila jukwaa la mafundi mahali fulani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenye urefu wa futi 515 si wa kujengwa mara mbili.

Ile ramani ya ngozi imehifadhiwa ndani ya kanisa lenyewe, nusu zake mbili zikiwa pamoja. Aliyeichora alijua kwamba hataiona minara. Angaliweza kusema kwamba watakaokuja watajijulia, akaiweka kichwani mwake na kufa nayo. Badala yake alichora kila sehemu kwa uangalifu, kama mtu anayemwandikia barua mjukuu asiyemjua. Nao wajukuu, baada ya karne sita, waliisoma barua hiyo wakaitii. Mzee anayepanda mwembe hupanda kwa imani hiyo hiyo, na chama kinachotunza vitabu vyake vizuri hufanya kazi hiyo hiyo. Fedha huweza kukatika na kazi ikalala, lakini palipo na mpango ulioandikwa wazi, watakaokuja watajua pa kuanzia.