Mtoto Huyu Si Kasuku

Katika mwambao wetu wa kusini, toka Somanga mpaka Lindi, mtoto akichelewa kusema watu huwa na majibu matatu mkononi. La kwanza ni udata: ulimi umefungwa, apelekwe akakatwe. La pili ni shetani. La tatu ni subira, maana hata baba yake naye alichelewa. Lakini mtoto huyo akija akasema, tena akasema maneno ya watu, yaani akawa anarudia yale yale aliyoyasikia jana au mwaka juzi, hapo jibu huwa moja tu nalo halina mpinzani. Huambiwa ni kasuku.

Mimi ni mpinzani wa neno hilo. Nimelisikia kwa majirani, nikalisikia kwa mwalimu, na mwisho nikalisikia kwa mtu aliyesomea kazi ya kutibu usemi. Majirani hawakusoma, nawasamehe. Mwalimu ana watoto 90 darasani, naye nitamsamehe baadaye kidogo. Huyu wa tatu ndiye ninayegombana naye.

Mtoto ninayemzungumza ni mjukuu wa dada yangu. Anaishi na bibi yake Kilwa Kivinje na ana miaka tisa. Ana usonji. Kwa msomaji asiyelijua neno hili, usonji ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, namna ubongo wake ulivyojengeka. Haiambukizi, si laana, wala haitokani na mama kutompenda mwanawe, ingawa huko Marekani na Ulaya kina mama walibebeshwa lawama hiyo kwa miaka mingi. Wapo wenye usonji wasiosema neno maisha yao yote. Wapo wanaosema kwa ufasaha kuliko mimi. Na wapo wengi ambao hushika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, pamoja na sauti ya aliyeitamka, wakaiweka, wakaitoa siku wanayoihitaji.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, katika andiko lake la mwaka 1943 ambalo ndilo lililoipa hali hii jina, alieleza habari za watoto 11. Wanane walisema, watatu hawakusema. Aliona kuwa hao waliosema walirudia maneno, na kwamba mtoto akiulizwa swali hulirudia swali lenyewe kwa maana ya "ndiyo". Miaka mitatu baadaye akaandika jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila chumba cha tiba ya usemi: maneno ya watoto hawa yanayoonekana hayana kichwa wala miguu yana asili yake, ila asili hiyo iko ndani ya maisha ya mtoto mwenyewe. Alitoa mfano wa mtoto aliyekuwa akiimbiwa na mama yake wimbo wa kitoto, mara sufuria ikamponyoka mama ikaanguka. Tangu siku hiyo mtoto akiona sufuria hutaja maneno ya ule wimbo. Mgeni angesema mtoto anapayuka. Mama alijua kuwa anataja sufuria.

Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Marekani, Barry Prizant na Judith Duchan, walichambua kwa makini maneno ya kurudia ya watoto wanne wenye usonji, wakayakuta yanafanya kazi saba mbalimbali: kuomba, kukubali, kushika zamu yake katika mazungumzo, kujituliza na kadhalika. Kwa hiyo habari hii si mpya. Ina zaidi ya miaka arobaini. Ndiyo maana sioni udhuru kwa mtu mwenye cheti kusema "kasuku".

Tena katika Kiswahili jambo lenyewe liko wazi kuliko hata katika Kiingereza. Bibi humwuliza mtoto, "Unataka uji?" Mtoto anayetaka uji husema, "Unataka uji." Kosa lote liko katika silabi moja, u badala ya ni, na kwa silabi hiyo moja watu wazima huamua kuwa hana akili. Adabu nayo ilifundishwa hivyo hivyo. Dada yangu alimwambia, "Sema shikamoo." Naye akasema, "Sema shikamoo." Mpaka leo akikutana na mtu mzima humwamkia kwa maneno hayo, kwa sauti ya bibi yake. Anayemjua huitika marahaba na mtoto hupita zake akiwa ameridhika. Asiyemjua hudhani mtoto mdogo anamwamuru amwamkie. Yupo mwalimu aliyemchapa kwa ajili ya shikamoo hiyo, na hapo ndipo msamaha wangu unapochelewa, kwa sababu nami nimeshika chaki miaka 32 na ninajua tofauti ya mtoto jeuri na mtoto anayejitahidi.

Lakini hebu tujitazame sisi tunaocheka. Nani katika pwani hii asemaye maneno yake mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni? Tunaamkiana kwa maneno tuliyoyakuta. Mgonjwa mahututi akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", na hakuna amwitaye mwongo. Hadithi huanza "Paukwa", sote tukaitikia "Pakawa", na ukimwuliza mzee maana yake atakutazama tu. Mwanamke wa Kivinje akiudhiwa na mke mwenzake hagombani. Huenda dukani akanunua kanga yenye maneno "Mchimba kisima huingia mwenyewe", akapita nayo mlangoni pake mara mbili. Maneno si yake, yameandikwa kiwandani, yamevaliwa na wanawake elfu. Hata hivyo ujumbe hufika, tena hufika vibaya! Na chuoni kwetu sote tulianza kwa kufuatisha sauti ya mwalimu katika lugha tusiyoijua, maana ikatujia baadaye, wengine bado haijatujia. Sisemi hivi kwa dharau. Nasema kwa sababu mwalimu wa chuo ndiye mtu wa kwanza nje ya nyumba aliyemwona mtoto huyu kuwa ni mwanafunzi. Sura fupi amezihifadhi zote, na matamshi yake huwashinda wakubwa. Kuna wakati kurudia tunakuita kuhifadhi na kuna wakati tunakuita ugonjwa, na tofauti ni nani anayerudia.

Dada yangu anamwelewa. Hilo si muujiza, alikuwapo maneno yalipookotwa. Mtoto akisema "Maji yamekupwa" anataka kitoweo, kwa kuwa bahari ikikupwa ndipo wanawake huenda mwambani kutafuta pweza, na siku hizo nyumba hula vizuri. Akisema "Nangurukuru, shusha!" kwa sauti ya utingo wa basi, amechoka na mahali alipo, anataka kuondoka, ameshawahi kuisema msikitini wakati hotuba ilipokuwa ndefu, na nadhani aliwasemea wengi. Na akisema "Chandarua kimetoboka" anaumwa. Usiku mmoja alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali, na bibi alipomulika taa akaona tundu, akasema maneno hayo. Tangu hapo ndilo jina la maumivu.

Siku moja shuleni alisema kuwa chandarua kimetoboka tangu saa mbili asubuhi. Watoto walicheka, mwalimu akamkanya, akaendelea, akatolewa nje akasimama juani. Bibi alipomfikia saa saba alikuwa hawezi kusimama. Zahanati walimpima wakakuta malaria, imeshapanda. Alipona. Lakini nataka msomaji ahesabu: kwa saa tano mtoto alisema anaumwa, kwa maneno yanayosikika na kwa matamshi safi kabisa, mbele ya watu zaidi ya 90.

Baada ya hapo tulichanga nauli tukampeleka Dar es Salaam. Kutoka kwetu ni kama kilomita 300, na siku hizi si haba. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tunangoja pantoni pale Ndundu, na Rufiji ikifurika kusini yote ilikuwa kisiwa. Mtaalamu tuliyemwona, ambaye sitamtaja, alikaa na mtoto nusu saa katika chumba chenye feni. Mtoto aliona njaa akasema maji yamekupwa. Mtaalamu akaandika kuwa anatoa maneno yasiyo na maana. Dada yangu akafungua mdomo aeleze, akaambiwa angoje aulizwe. Mwisho tukapewa karatasi ya masharti. Akirudia maneno, msimjibu. Msimpe kitu mpaka akiombe vizuri. Bibi aache kusema Kimatumbi nyumbani, lugha mbili zinamchanganya.

Sharti la mwisho ni jepesi kulijibu. Uchunguzi uliofanywa Canada na kutolewa mwaka 2012 haukuona kuwa watoto wenye usonji wanaokua katika nyumba ya lugha mbili wanachelewa kuliko wenzao wa lugha moja. Kumnyima bibi lugha yake ni kumnyima mtoto nusu ya bibi.

Yale mawili ya kwanza ndiyo mazito. Yana ukoo wake. Katika miaka ya 1960 huko California, mwanasaikolojia Ivar Lovaas alifundisha watoto wenye usonji kusema kwa kuwapa tonge la chakula wakitamka sawa, na kwa kuwakaripia na kuwapiga makofi wasipofanya ilivyotakiwa. Jarida la Life lilichapisha picha zake mwaka 1965 na wala halikuona haya. Makofi yamepigwa marufuku na watu wenye akili, lakini wazo limebaki: kwamba njaa ya mtoto ni fimbo halali ya kumfundishia sarufi. Mtoto anasema maji yamekupwa, bibi anaelewa, samaki yupo sufuriani, halafu bibi aambiwe ajifanye hakusikia! Sisi kwetu mtu anayemsikia mwenye njaa akajifanya kiziwi tuna jina lake, wala si jina la kitaalamu.

Nitaambiwa napinga tiba. Sipingi. Namjua mtoto asiyesema kabisa aliyepewa kadi za picha, na leo hunyoosha kidole akapata maji; wazazi wake walihofu kuwa picha zitamfanya asitafute sauti, ilhali uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa haziui usemi. Tiba ya namna hiyo naitaka ije mpaka Kilwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008, kwa hiyo kazi hii si ya Wazungu peke yao tena. Nitaambiwa pia kwamba dunia haitakuwa na subira ya bibi, na kwamba siku moja mtoto huyu lazima aeleweke na mtu wa boma au wa hospitali. Ni kweli. Basi afundishwe "naumwa" juu ya chandarua, taratibu, kwa bibi kumjibu, "Chandarua kimetoboka. Naumwa," mpaka neno jipya lishikane na la zamani. Kumfuta la zamani kabla jipya halijakaa ni kubomoa nyumba mvua inanyesha.

Ninachotaka ni mtaalamu akae kwanza juu ya mkeka, amwulize bibi, aandike. Nusu saa ya chumba chenye feni haiwezi kujua bahari inakupwa lini.

Dada yangu ana miaka 71 na moyo unamsumbua. Akifa usiku huu, kesho asubuhi mtoto huyu atakuwa bubu, ilhali hajapoteza hata neno moja. Kwa ajili hiyo tumenunua daftari. Kushoto tunaandika maneno, katikati alikoyapata, kulia anachotaka. Mwalimu wa sasa, kijana mpya, aliomba nakala na ameibandika ndani ya kabati la darasa. Maneno yamefika 43, na 42 tunayajua. La mwisho ni "Usiweke mchagoni", na hulisema mvua inapoanza. Dada anasema si lake. Mama yake mtoto, tuliyempigia simu Mtwara, anasema si lake. Safu ya kulia tumeiacha wazi.