Neno la Mhariri: Kitabu Kilinyamaza, Skrini Ikasema

Tangu tutangaze mada ya toleo hili, karibu kila barua imeuliza swali moja: je, filamu imekifuata kitabu? Swali hilo limenichosha. Linamfanya mwongozaji kuwa karani wa kunakili, na msomaji kuwa mhasibu wa sura zilizorukwa. Mimi nauliza hivi: mwandishi aliacha nini wazi kwa makusudi, na mwenye kamera alikijaza kwa nini?

Swali hili lilinijia mwaka 2019 hapa Boito, katika bwalo la shule moja. Mvua ya alasiri ilipiga mabati hadi mwalimu akalazimika kuongeza sauti ya spika hadi mwisho. Kidato cha nne walikuwa wakitazama igizo la Chozi la Heri lililorekodiwa kwenye diski. Ni riwaya ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Alipojitokeza Mzee Kedi, jirani aliyewageuka Ridhaa na jamaa yake, mwigizaji alimpa lafudhi ya huku kwetu, ya Kikipsigis. Bwalo zima likaangua kicheko. Msichana aliyeketi mbele yangu hakucheka. Alifunika kitabu chake, akakikalia.

Matei hakutaja kabila. Nchi yake inaitwa Wahafidhina, na jirani ni jirani tu. Kila Mkenya anayesoma anakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, lakini kwa kuwa riwaya haimnyooshei yeyote kidole, msomaji wa Boito, wa Kiambu na wa Kisumu wote wanalazimika kujiuliza: je, Kedi ni mtu wa kwetu? Kunyamaza huko ndiko nguvu ya kitabu. Kalamu inaweza kunyamaza. Kamera haiwezi, maana mwigizaji lazima awe na sura, awe na ulimi. Siku chache baadaye nilisoma majibu ya wanafunzi wale. Kadhaa walikuwa wameandika kabila la Kedi kana kwamba limo kitabuni.

Simlaumu mwigizaji kwa kuwa na lafudhi. Namlaumu aliyeichagua ili watu wacheke, katika eneo ambalo baadhi ya wazazi wa watoto wale walihama usiku wakiwa na mtoto mgongoni.

Uamuzi wa kukusudia huonekana. Katika hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, Anyango anazungumza na Sanyu moja kwa moja, kama anayemwandikia barua. Mwongozaji Wanuri Kahiu alipoigeuza kuwa filamu ya Rafiki (2018), aliachana na sauti hiyo, akaihamisha hadithi kutoka Uganda hadi Nairobi na kuwapa wasichana majina mapya, Kena na Ziki. Filamu ilipigwa marufuku nchini, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Ukubaliane na Kahiu au usikubaliane, unajua unabishana na nani na kuhusu nini.

Makala yetu ya kwanza inaifuata The Constant Gardener kutoka riwaya ya John le Carré (2001) hadi filamu ya Fernando Meirelles (2005), iliyopigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani. Ya pili inairudia Out of Africa na tuzo zake 7 za Oscar. Isomeni mkijiuliza ni nani aliyepewa maneno na nani aliyepewa trei ya chai kubeba. Ya tatu ni ya vikundi vya maigizo vinavyozunguka shuleni, na inavitetea vizuri kuliko nilivyovitendea hapa.

Walimu wenzangu, nina ombi moja. Kabla ya kuwasha projekta, someni sura kwa sauti, kisha kila mwanafunzi aandike anavyomsikia Mzee Kedi akizungumza. Ndipo muwaonyeshe igizo. Likiisha, waulizeni: sauti hii mliyoisikia ameichagua nani?